Wiki moja katika nyumba ya mawe ya kale kwenye vilima vya Wales, na masharti yake

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi wa Novemba uliopita mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulipanga kwa siku 7 nyumba ya mawe iliyo mlimani juu ya kijiji cha Penmachno, kaskazini mwa Wales, ndani ya hifadhi ya taifa ya Eryri ambayo wengi bado wanaifahamu kwa jina la Snowdonia. Nimekuwa nikisoma humu maswali ya ndugu wanaoishi Uingereza wanaotamani kuzipeleka familia zao mashambani, na naona majibu mengi huishia kwenye bei na picha. Ninaandika kwa sababu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, nalo ni kwamba nyumba iliyosimama karne tatu au nne haikaliwi kama fleti. Ina taratibu zake za moto, za hewa na za maji, na mgeni asiyezijua atatetemeka siku tatu mfululizo kisha arudi mjini akaandike malalamiko. Mimi nilibakiza kidogo tu niyaandike.

Tulitoka Leicester asubuhi, tukaishika barabara ya A5, ambayo mhandisi Thomas Telford aliijenga upya mwanzoni mwa karne ya 19 ili magari ya farasi yafike bandari ya Holyhead bila kukwama milimani. Mpakani kuna bango lililoandikwa Croeso i Gymru, yaani karibuni Wales. Binti yangu wa miaka 11, ambaye alikuwa ameona kwenye ramani kwamba wenyeji huiita nchi yao Cymru, aliuliza kwa nini bango limekosewa. Halijakosewa. Katika Kiwelisi herufi ya kwanza ya neno hubadilika kwa kufuata neno lililotangulia, hivyo Cymru hugeuka Gymru. Nilimwambia afikirie ulimi na ndimi, ubao na mbao, akaelewa papo hapo, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hashangai kuona neno limebadilika kichwani.

Tulifika saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekwisha kuingia. Njia ya kutoka kijijini inapanda mwendo wa kilomita mbili hivi, upana wake ni wa gari moja, katikati yake imeota nyasi, na ina mageti matatu ambayo abiria hushuka kuyafungua na kuyafunga tena nyuma ya gari, kwa kuwa kondoo wa shamba moja hawatakiwi kuchanganyika na wa jirani. Nyumba yenyewe ni ndefu lakini si ya kwenda juu. Ina vyumba viwili chini, na juu ya kimoja kuna dari ya nusu, ile wanayoiita croglofft, ambako watoto walipanda kwa ngazi kwenda kulala. Ukuta wake ni mnene kiasi kwamba nikiweka mkono wangu wote juu ya kingo ya dirisha, kiwiko kinabaki ukingoni na vidole havijafika kwenye kioo.

Upande mzima wa chumba kikubwa ni meko, simdde fawr kwa lugha yao. Zamani watu waliketi ndani ya meko hiyo ubavuni mwa moto. Siku hizi humo limewekwa jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo. Juu ya meko imelazwa boriti moja ya mwaloni, nene kuliko kiuno cha mtu, yenye alama za shoka zinazoonekana wazi. Nilipoimulika kwa tochi niliona madoa meusi ya kuungua, kila moja likiwa na umbo la tone la maji na urefu wa kidole. Madoa ya namna hii yapo katika nyumba nyingi za kale za Uingereza na Wales, na wachunguzi wameonyesha kwamba mengi yalichomwa kwa makusudi, mtu akishikiza mwali wa mshumaa penye mti mpaka uungue. Wengi wao wanaona kuwa ilikuwa kinga, ili moto na mabaya mengine yasiingie nyumbani kwa njia ya dohani. Mtu wa pwani aliyezoea kusikia habari za hirizi na mafungo ya nyumba hahitaji kufafanuliwa sana hapo.

Sasa nije kwenye usiku wa kwanza, maana ndiko nilikokosea. Nyumba ilikuwa baridi kama kisima. Tukawasha moto mkubwa, tukafunga madirisha yote, tukaziba kwa taulo kila upenyo tuliouhisi, na kwa kuwa watoto walikuwa wamelowa, tukatandaza majaketi, suruali na soksi zao juu ya viti kuzunguka jiko. Tulilala tukiwa tumeridhika. Moto ulizimika kabla ya saa nane usiku. Asubuhi maji yalikuwa yakitiririka kwenye vioo, ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa umelowa kama mtu aliyetoka jasho, mashuka yalikuwa na unyevu, na chumba kilinuka kuvu. Nikashuka mpaka penye mtandao wa simu, nikampigia mlezi wa nyumba, nami nilikuwa nimekwisha kupanga maneno makali.

Alikuja mwenyewe baada ya nusu saa, mama wa makamo anayeishi kwenye shamba la bondeni, amevaa viatu vya mpira vilivyojaa tope. Hakujitetea wala hakuomba radhi. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo, kisha akafungua madirisha mawili madogo yanayotazamana, akazichukua nguo zetu zote akaenda kuzitundika katika kibanda cha kuni nje. Ndipo akaniambia kwamba moto wa nyumba hii haupaswi kuwa mkubwa, bali haupaswi kufa. Ukuta ulikuwa baridi mpaka moyoni kwa sababu wageni waliotangulia walikuwa wameondoka siku tano kabla yetu, na ukuta wa mawe wa unene ule hauwezi kupata joto kwa jioni moja. Huchukua siku mbili za moto mdogo usiokatika, na ukishapata joto hulitunza. Mvuke wa nguo zetu, wa sufuria na wa pumzi za watu wanne ulikosa pa kutokea, ukaenda kutua mahali pa baridi kuliko pote, yaani ukutani.

Nilinyamaza, maana alikuwa akinieleza nyumba ya bibi yangu. Nimekulia Malindi, Unguja, katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa kwa chokaa, na nakumbuka mwenye nyumba alipoamua kuikarabati upande wa barabarani kwa lipu ya saruji ili ipendeze. Haikupita misimu mingi ya masika kabla lipu haijaanza kuachia vipande vipana kama sinia, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeoza kwa chumvi na maji. Upande wa uani, uliobaki na chokaa yake ya zamani, ulidai kupakwa tu kila mwaka. Chokaa hupokea maji na kuyaachia yatoke, ilhali saruji ikishapata ufa hata mdogo huyaingiza maji na kuyafungia ndani. Kuta za Wales hazina uwazi katikati kama nyumba za matofali za mjini, ni mawe upande wa nje, mawe upande wa ndani na kifusi cha vijiwe katikati, na mvua ya milimani huko hupita milimita 3,000 kwa mwaka. Maji yataingia tu. Kilichoziwezesha nyumba hizi kufika leo ni kwamba zilijengwa ziweze kukauka, na zilikauka kwa sababu kulikuwa na moto mekoni kila siku na hewa ikipita. Mgeni anayeziba na kuzima ameondoa vyote viwili.

Kuanzia siku hiyo tuliishi kwa utaratibu wa yule mama. Gogo moja kila baada ya saa moja na nusu, dirisha la jikoni wazi kidogo wakati wa kupika, milango ya ndani wazi usiku, nguo kibandani. Siku ya tatu niliamka kabla ya alfajiri, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa ubavuni mwa dohani, nao ulikuwa na joto kama mkate uliofunikwa kwa kitambaa. Watoto walikuwa wamejitupia blanketi pembeni.

Niseme kidogo kuhusu nyumba zenyewe, kwa ajili ya watakaotaka kuchagua. Nyumba nyingi za zamani za vilima hivyo zilijengwa kwa mawe kati ya karne ya 16 na ya 19, na zile kongwe umri wake hujulikana kwa kuhesabu pete za miaka katika miti ya mwaloni ya paa. Majina yake yanasema kazi zake. Hendre ni makazi ya bondeni ya majira ya baridi, na hafod ni makazi ya mlimani ambako familia ilihamia na mifugo kuanzia mwezi wa Mei mpaka vuli. Ukiona neno hafod kwenye tangazo, tarajia upepo. Kuna pia tŷ unnos, nyumba ya usiku mmoja: watu maskini waliamini kwamba anayeweza kusimamisha nyumba kwenye ardhi ya wote kati ya magharibi na mapambazuko, moshi ukawa unatoka dohani jua linapochomoza, basi nyumba ni yake, pamoja na ardhi mpaka pale shoka lake litakapoangukia akilirusha kutoka mlangoni. Sheria ya Kiingereza haikuitambua haki hiyo, lakini familia nyingi ziliishi kwa kuitegemea.

Paa ni la sleti, yale mawe ya kijivu yanayopasuka bapa kama kurasa. Mafundi waliyapa mapande majina ya vyeo vya wanawake wa kikabaila, yale makubwa yakaitwa ya mke wa dyuki na madogo ya bibi wa cheo cha chini, na ukitazama paa la zamani utaona makubwa yako chini karibu na ukingo na madogo yanapanda mpaka kileleni. Mandhari ya machimbo ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Wales iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Ni vyema mgeni kutoka kwetu ajue kwamba machimbo makubwa ya Penrhyn yalipanuliwa mwishoni mwa karne ya 18 na Richard Pennant, aliyekuwa na mashamba ya miwa Jamaica yaliyolimwa na watumwa, na kwamba katika machimbo hayo hayo wachimbaji wa Kiwelisi waligoma kuanzia 1900 mpaka 1903 wakidai chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe. Majumbani mwao waligandisha dirishani kadi iliyosema kwamba katika nyumba hii hamna msaliti.

Ninakaribisha maswali.

MCHANGIAJI, BIRMINGHAM

Dada, ahsante kwa maelezo ya kina. Mwanangu wa miaka 6 ana pumu, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, atakuwa nasi wakati wa mapumziko ya shule ya Februari. Je, nyumba ya aina hii inawafaa, au niachane na wazo hilo? Na maji je, ni ya bomba?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, nitakujibu kama ambavyo ningemjibu mdogo wangu: kwa mtoto mwenye pumu usichague nyumba ambayo moto wa kuni ndio joto lake pekee. Hata jiko likiwa zuri, kila unapofungua mlango wake kuongeza gogo moshi kidogo huingia chumbani, na nyumba isiyopashwa joto sawasawa huwa na kuvu pembeni. Zipo nyumba za kale ambazo zimewekewa mfumo wa maji ya moto chini ya sakafu ya sleti, na hizo hukaa kavu na zenye joto bila moshi wowote. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi, na umuulize pia nyumba imekaa siku ngapi bila mtu kabla yenu kufika. Swali hilo la pili ndilo litakalokuambia hali ya kuta.

Kuhusu mama mkwe, ulizia ngazi na choo. Ngazi za nyumba hizi nyingi ni za mawe, zimejipinda kando ya dohani, nyembamba na zenye kina kifupi, na choo mara nyingi kiko chini peke yake. Asipate taabu ya kushuka gizani. Nyumba yetu isingemfaa kabisa.

Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakapita kwenye chujio na taa ya miale ya urujuanimno inayoua vijidudu, na kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na tarehe ya kupimwa kwake. Yana ladha ya udongo kidogo. Maji taka huenda kwenye tangi lililofukiwa uwanjani ambalo huendeshwa na bakteria, kwa hiyo mafuta ya kupikia na dawa kali za kusafishia havimwagwi. Tuliyakusanya mafuta ya kukaangia maandazi katika kopo na kuyarudisha mjini.

Nyumba yoyote utakayoichagua ikiwa na jiko la kuni, hakikisha ina king'ora cha gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, ukibonyeze siku ya kwanza usikie mlio wake, na uchome kuni kavu tu. Kuni zinazofaa zina unyevu chini ya asilimia 20; ukigonganisha magogo mawili makavu yanalia kwa sauti kali, mabichi yanatoa kishindo kizito kama unga unaoanguka.

MCHANGIAJI, LAMU

Mwanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, kazi niliyorithi kwa baba, na ulivyoueleza ukuta ndivyo ulivyo. Hapa Lamu chokaa tulikuwa tukiichoma kwa kupanga magogo duara, juu yake matumbawe, moto ukishakwisha tunairushia maji na kuiacha. Chokaa iliyolala miezi mingi ndiyo chokaa, ile ya haraka haraka hupasuka. Vijana sasa wanataka saruji kwa kuwa inakauka kesho, na nyumba inayokauka kesho huniita mimi baada ya miaka mitano. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazizidi urefu fulani, hata tajiri alikuwa na chumba kirefu lakini si kipana. Nataka kujua wenzetu wa huko waliipata wapi chokaa ikiwa milima yao ni ya sleti, na je, lipu yao ya ndani wanaichanganya na nini ili ishike?

MWANZISHA UZI

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kunisomea. Nilimuuliza yule mama maswali hayo hayo kwa sababu ya bibi.

Mawe ya chokaa hayapo kila mahali milimani, lakini yapo pwani ya kaskazini, hasa kwenye mlima wa Great Orme ulio juu ya mji wa Llandudno, na Wales nzima imejaa mabaki ya tanuri za mawe za kuchomea chokaa, nyingi zikiwa ufukoni ambako mashua zilileta mawe na makaa. Chokaa nyingine ilikwenda mashambani kupunguza ukali wa udongo. Kwa kuwa usafiri wa kuipandisha mlimani ulikuwa ghali, nyumba za wanyonge zilijengwa kwa udongo wa papo hapo katikati ya mawe, na chokaa ikatumika kuziba viungo vya nje tu na kupaka. Kwa hiyo ukikuta ukuta wa huko umechakurwa viungo vyake na kutiwa saruji, fahamu kwamba ndani kuna udongo unaolowa na hauna pa kukaukia.

Lipu ya ndani wanaichanganya na manyoya ya wanyama, ya ng'ombe, mbuzi au farasi, yakaishika chokaa kama mizizi inavyoshika udongo. Nyuma ya kabati nilikuta mahali palipobanduka, ukubwa wa sarafu, na nywele zenyewe zilikuwa zimechomoza, nyekundu na ngumu. Watoto walizigusa wakakaa kimya, kwa kuwa ng'ombe yule alikufa kabla ya babu wa babu zao hawajazaliwa.

Habari ya boriti ni ile ile, mzee. Upana wa nyumba zao uliwekwa na urefu wa mwaloni uliopatikana. Zile kongwe zaidi zilibebwa na jozi za magogo yaliyopinda kwa asili, yakapasuliwa katikati ili nusu mbili zifanane, zikasimamishwa kuelekeana kama viganja vya mtu anayeomba, na viungo vyake vikapigiliwa vigingi vya mti badala ya misumari.

MCHANGIAJI, CARDIFF

Salaam kwenu. Ninaishi Wales mwaka wa kumi na mbili, mke wangu ni Mwelisi kutoka Gwynedd, kaskazini-magharibi, na ninaheshimu maandishi ya dada, lakini upande mmoja haujaguswa. Nyumba hizi tunazozisifu ndizo ambazo shemeji zangu wameshindwa kuzinunua katika vijiji walikozaliwa. Mtu wa mjini huja na fedha zake, hununua nyumba ya mawe, huilala wiki sita kwa mwaka au huipangisha kwa watalii, na kijana wa pale anahamia mbali. Katika kijiji cha Abersoch, huko huko Gwynedd, shule ya msingi ilifungwa mwishoni mwa 2021 kwa kukosa watoto. Hasira hiyo si ya jana, kwani kuanzia 1979 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi lililojiita Meibion Glyndŵr lilichoma nyumba za mapumziko zaidi ya 200, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo, lakini nalifahamu lilikotoka. Kijiji kikikosa watu, lugha nayo inaondoka. Katika sensa ya 2021 wanaosema Kiwelisi walikuwa asilimia 17.8 ya watu wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Je, tunapokwenda kulala katika nyumba hizo hatuchangii?

MWANZISHA UZI

Shemeji wa Wales, umeuliza swali ambalo nililibeba wiki nzima, na ninakubali kwamba tunachangia. Siwezi kusema vinginevyo. Pale kijijini jioni tulihesabu nyumba zilizokuwa na taa katika mtaa mmoja mfupi, na zilizokuwa gizani zilizidi.

Niliyoyajua baadaye ni kwamba serikali ya Wales imechukua hatua ambazo Uingereza haijazifikia. Tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kutoza nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri, na Gwynedd ilianza na asilimia 150 mwaka huo. Nyumba inayotaka kuhesabiwa kuwa biashara ya watalii inapaswa kuwa imepangishwa kweli kwa siku 182 kwa mwaka, ambapo zamani zilitosha 70. Kwa hiyo msafiri anaweza walau kuuliza nyumba anayoipanga ni ya nani. Yetu ilikuwa ya familia ya shamba lile lile. Yule mama alizaliwa humo, kaka yake alihamia bondeni, na fedha wanazolipa wageni ndizo zilizolipia sleti za paa jipya, kwa sababu nyumba yao iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na haziruhusiwi sleti za bandia. Hilo si sawa na nyumba ya mtu ambaye jirani hamjui kwa sura. Zipo pia nyumba za taasisi za hifadhi, kama Landmark Trust iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo huyachukua majengo ya kale yaliyo hatarini, huyakarabati na kuyapangisha ili yajilipie. Dolbelydr katika bonde la Clwyd ni mojawapo, nyumba ya karne ya 16 ambamo Henry Salesbury aliandika sarufi ya Kiwelisi.

Kuhusu lugha nitakuambia niliyoyaona. Siku ya tano tulitembea kwa miguu kupitia msituni mpaka bonde la Wybrnant, ilipo Tŷ Mawr, mahali alipozaliwa William Morgan aliyeitafsiri Biblia yote kwa Kiwelisi na kuichapisha mwaka 1588. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa majira ya baridi, tukaizunguka kwa nje. Ni nyumba ya mkulima, mawe na sleti, kijito kinapita mbele yake, na hakuna nyumba nyingine inayoonekana. Mimi ni Mwislamu na sikwenda kwa ajili ya kuhiji. Nilikwenda kwa sababu lugha iliyokatazwa mahakamani na serikalini tangu enzi za mfalme Henry wa Nane ilipata kitabu kikubwa cha kusomwa hadharani kila wiki katika kila parokia, na wataalamu wengi wanaona kwamba hilo ndilo lililoizuia isisambaratike kuwa lahaja za majumbani tu. Sisi tuliosoma historia ya Kiswahili sanifu tunajua uzito wa kitabu kimoja kinachosomwa na watu wa lahaja tofauti.

Na yule mama, alipokuwa akizungumza na mjukuu wake kwa Kiwelisi nasi tukakaribia, mtoto aligeukia Kiingereza kwa adabu. Nilimwomba asibadilishe kwa ajili yetu. Bibi yake akacheka, akanifundisha bore da, yaani habari za asubuhi, diolch, yaani ahsante, na nos da, yaani usiku mwema, akazirudia mpaka mwanangu mdogo akazipata. Dukani Penmachno mwanangu alisema diolch, na muuzaji akamjibu kwa sentensi nzima ambayo hatukuielewa, tukabaki tumesimama tukitabasamu.

MCHANGIAJI, READING

Naomba kuuliza kwa kifupi. Sina gari. Je, kufika kwawezekana? Na chakula cha halali mlikipata wapi?

MWANZISHA UZI

Inawezekana, ila chagua nyumba iliyo karibu na reli. Panda treni mpaka Llandudno Junction, kisha ubadilishe uchukue reli ya bonde la Conwy inayokwenda Blaenau Ffestiniog, nawe ushuke Betws-y-Coed. Treni za reli hiyo ni chache kwa siku na hukatizwa mto unapofurika, kwa hiyo usipange kuunganisha safari kwa dakika za kubahatisha. Kutoka hapo mpaka milimani utahitaji teksi iliyowekwa mapema.

Nyama tulikwenda nayo kutoka Leicester ikiwa imegandishwa. Inasikitisha kuwatazama kondoo wazuri namna ile dirishani asubuhi na kula wa mbali, lakini karibu na kijiji hatukupata bucha ya halali. Maziwa, mayai, viazi, liki na bara brith, mkate wa matunda makavu yaliyolowekwa kwenye chai, tulivinunua pale pale, na huo mkate ukiupaka siagi ukaunywea chai ya tangawizi utaukumbuka. Beba tochi kwa kila mtu, viatu vya mpira, na nguo za kulalia za sufu. Ukiondoka usizoe majivu yote jikoni. Yule mama alituomba tuache tabaka la vidole viwili, kwa kuwa kuni huwaka vizuri zaidi juu ya majivu, na alisema atakuja jioni hiyo hiyo kuuwasha moto tena, kwani wageni wengine wangefika baada ya siku mbili.